Ukoo Wetu Una Sukari na Vyuma Havinikuzi: Nifanyeje?

Swali la msomaji: Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi Mwanza, mtaa wa Mabatini, na kazi yangu ni ya kukaa ofisini kwa wakala wa mizigo. Mama ana kisukari tangu mwaka 2009, na wajomba wawili wamefariki kwa ugonjwa huohuo. Mimi ni mwembamba, kilo 64 kwa urefu wa mita 1.72, ila kitambi kimeanza. Mwezi uliopita nilipima sukari asubuhi kabla ya kula, mashine ikasoma 6.3. Nina miezi minne jimu na shemeji yangu, tunainua vyuma mara tatu kwa wiki. Yeye kifua kimetuna, mimi niko vilevile. Anasema damu ya kwetu haishiki mazoezi, na amenipa vidonge vya kuongeza mwili. Kama sukari ni ya kurithi, mazoezi yatanisaidia nini? Niache ugali? Na kuna kipimo cha vinasaba kinauzwa mtandaoni, ninunue?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na vidonge, maana maswali yako mengine yanaweza kungoja aya chache, vidonge haviwezi.

Hukuniandikia jina lake, na nadhani hulijui, kwa sababu dawa hizi huuzwa zimefungwa kwenye karatasi au kwenye kijichupa kisicho na lebo. Vidonge “vya kuongeza mwili” vya mitaani mara nyingi huwa ni deksamethasoni, au siproheptadini, au vyote viwili kwa pamoja. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayotia njaa na usingizi. Deksamethasoni ni dawa kubwa, hospitalini inaokoa watu. Lakini mtu akiimeza kila siku ili anenepe, inampandishia sukari, inamjaza maji na mafuta usoni na tumboni, halafu inamega misuli, hasa ya mapaja na mabega. Yaani inakupa kinyume cha kila unachokitafuta kwenye vyuma. Kama hujameza, usimeze. Kama umekwisha kumeza kila siku kwa wiki tatu au zaidi, usiache ghafla: beba vidonge vyenyewe uende kwa daktari akupangie namna ya kupunguza, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo huwa zimeshazoea kukaa bila kazi, na ukikata mara moja unaweza kuzidiwa vibaya. Na umwambie ulianza lini. Inawezekana kabisa hiyo 6.3 haikutoka kwa wajomba, imetoka kwenye kijichupa.

Tuseme haikutoka huko. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 hujawa mgonjwa wa kisukari, ambacho huanzia 7.0, lakini mwili umeshaanza kushindwa kazi uliyokuwa ukiifanya bila jasho. Namba moja ya mashine ya kidoleni haimhukumu mtu, maana mashine hizo hupishana na maabara kwa kiasi. Rudia kipimo maabara, kwa damu ya mshipani, ukiwa hujala kwa muda wa saa 8 au zaidi. Nami nitakujibu kana kwamba itasoma hivyohivyo.

Sasa nikuonyeshe kazi ambayo mwili umeanza kushindwa, kwa sababu ukiielewa utaona mwenyewe vyuma vinahusikaje na sukari ya mama yako.

Damu yako yote, lita tano hivi, ina glukosi ya gramu tano tu. Hicho ni kijiko kimoja cha chai. Sahani ya ugali wa kushiba inakuletea wanga wa gramu 70 na kuendelea, na wanga huo wote utapita kwenye damu ukiwa sukari. Lazima upate pa kwenda, na upesi. Ini linaweza kutunza kama gramu 100. Misuli, ambayo kwa mwanamume wa umri wako ni karibu asilimia 40 ya uzito, inaweza kutunza gramu 400 na zaidi kwa umbo la glaikojeni. Watafiti wakimtundikia mtu mwenye afya dripu ya glukosi na ya insulini, ile homoni ya kongosho inayoiagiza sukari iingie kwenye seli, kisha wakafuatilia sukari imekwenda wapi, kama robo tatu yake huikuta kwenye misuli. Kwa hiyo watu wanaposema kisukari ni ugonjwa wa kongosho, wamesema nusu. Kongosho ndilo linalopiga hodi. Anayefungua, au anayekataa kufungua, ni msuli.

Mlango wenyewe una jina: GLUT4. Ni protini ya kubebea sukari ambayo muda mwingi hukaa ndani ya seli ya msuli, imejificha. Insulini ikifika nje ya seli, inatuma ishara, GLUT4 zinapanda juu kwenye ngozi ya seli na sukari inaingia. Kwa mtu ambaye msuli wake umekuwa kiziwi kwa insulini, hodi inapigwa, na anayeitwa haamki. Kongosho linaongeza sauti, yaani linamwaga insulini zaidi na zaidi, kwa miaka mingi, mpaka linachoka. Siku linapochoka ndipo mashine inaposoma 7, 9, 14.

Lakini mlango huo una kitasa cha pili, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote katika barua hii. Msuli unapojikaza na kulegea, unazipandisha GLUT4 juu kwa njia nyingine kabisa, isiyopitia kwa insulini. Njia hiyo hufanya kazi hata kwa mtu ambaye tayari ana kisukari, hata kwa mama yako. Unapopanda mlima, sukari inaingia kwenye mapaja bila kumsubiri mpiga hodi. Na ukishamaliza, msuli unabaki na usikivu mzuri kwa insulini kwa siku moja, hata mbili. Baada ya hapo usikivu unarudi ulikokuwa. Ndiyo maana mazoezi ya sukari hayawekwi akiba: ya Jumatatu hayafiki Ijumaa.

Umesema wewe ni mwembamba, na naona swali ambalo hukuliuliza: mtu wa kilo 64 anapataje tatizo la wanene? Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwachunguza vijana wembamba, wenye afya, ambao wazazi wao walikuwa na kisukari aina ya pili na wao wenyewe walikuwa wamekwisha kuwa wagumu kwa insulini. Sukari iliyoingia kwenye misuli yao ilikuwa pungufu kwa asilimia 60 ukilinganisha na vijana wenzao. Ndani ya seli za misuli walikuwa na mafuta zaidi kwa asilimia 80, na mitokondria, yale matanuri madogo yanayochoma chakula, yalikuwa yanafanya kazi kwa asilimia 30 chini. Kwa nje huoni kitu. Mafuta hayako mashavuni wala kiunoni, yamejipenyeza ndani ya msuli wenyewe na kukoroga ile ishara ya insulini. Kwa hiyo ndiyo, kuna kitu mtu anaweza kukirithi, na kinaweza kuwepo miaka 20 kabla mashine haijasema lolote. Shemeji yako hajakosea kila kitu.

Alipokosea ni kwenye hitimisho. Mafuta yaliyo ndani ya msuli na udhaifu wa mitokondria ndivyo vitu vinavyosikia mazoezi kuliko karibu kitu kingine chochote mwilini. Mitokondria huongezeka ndani ya wiki chache za kutembea kwa kasi au kukimbia. Na kinyume chake ni kweli pia, tena huja haraka kuliko tunavyodhani. Huko Denmark vijana kumi wenye afya, waliokuwa wakitembea hatua kama 10,500 kwa siku, waliombwa wapunguze mpaka 1,300 hivi kwa wiki mbili: wapande lifti, wapande gari, wakae. Usikivu wao kwa insulini ulishuka kwa asilimia 17 na misuli ya miguu ikapungua. Wiki mbili! Vinasaba vyao havikubadilika hata herufi moja. Sasa jihesabu wewe: bodaboda mpaka ofisini, kiti mpaka jioni, bodaboda mpaka mlangoni. (Naijua Mabatini. Mtu anayekaa kule juu kwenye mawe na bado anapanda bodaboda amekataa jimu ya bure aliyopewa na Mungu.)

Tukizungumzia kurithi, tusiangalie maabara za nje tu, tuna ushahidi wetu. Miaka ya 1980 timu iliyoongozwa na Donald McLarty ilipima sukari katika vijiji sita vya Tanzania, na matokeo yakatoka mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika mia. Mwaka 2012 upimaji wa kitaifa uliwakuta watu wazima wenye sukari ya juu wakiwa kama 9 katika mia. Upimaji wa pili ulijumuisha miji na namna za kupima hazikufanana, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo kwa rula. Hata hivyo miaka 23 ni kizazi kimoja. Vinasaba vya nchi nzima havigeuki kwa kizazi kimoja. Kilichogeuka ni viti, magari, soda na mafuta ya kukaangia. Watafiti wengine waliwafuata watu 209 waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito za mwili walikuwa karibu 80 katika mia walipokuwa kijijini, na baada ya mwaka mmoja mjini wakabaki karibu robo. Uzito ulipanda zaidi ya kilo mbili kwa wastani, wanaume kwa wanawake. Babu yako mzaa mama huenda alikuwa na vinasaba hivihivi ulivyonavyo, akafa mzee bila kujua kisukari ni nini, kwa sababu jembe lilikuwa linamfungulia mlango kila siku.

Nisije nikaeleweka kwamba vinasaba si kitu. Vipo, na vina nguvu. Mwaka 1990 Claude Bouchard na wenzake huko Kanada walichapisha jaribio ambalo sidhani kama leo lingeruhusiwa kirahisi: jozi 12 za vijana mapacha wa kufanana walilishwa kalori 1,000 za ziada kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa siku 100. Wote walikula ziada ileile. Mmoja akaongezeka kilo 4 na ushee, mwingine kilo 13. Lakini pacha na pacha wake walifanana kwa kuongezeka kuliko watu wa jozi tofauti. Baadaye Bouchard akawaweka kwenye baiskeli watu 481 wa familia 98, wiki 20, mazoezi yaleyale kwa wote. Uwezo wa kutumia oksijeni ulipanda kwa wastani wa mililita 400 kwa dakika, ila wengine hawakupanda karibu kabisa na wengine walipita lita nzima, na karibu nusu ya tofauti hiyo ilifuata ukoo. Kwa upande wa vyuma, watu 585 waliufanyisha mkono mmoja mazoezi kwa wiki 12. Unene wa msuli ulibadilika kuanzia kupungua kidogo, asilimia 2, hadi kuongezeka asilimia 59. Kwa hiyo wewe na shemeji mnaweza kunyanyua chuma kimoja, siku moja, mkala sahani moja, na yeye akatuna wewe usitune. Si uvivu wako. Mimi nina miaka 58, nimeinua vyuma tangu nikiwa chuoni, na mikono yangu bado ni ya mwanafunzi wa kidato cha pili.

Ila angalia vizuri kinachopimwa. Unene wa kifua ni kitu kimoja, nguvu ni kitu cha pili, pumzi ni cha tatu, na usikivu kwa insulini ni cha nne. Mtu anaweza kuwa wa mwisho darasani kwa kimoja na wa kwanza kwa kingine. Kioo cha jimu kinakuonyesha kile cha kwanza tu, ambacho kwa sukari yako ndicho chenye maana ndogo. Wewe niambie: miezi minne iliyopita ulikuwa unainua kilo ngapi, na leo ngapi? Ukipanda Mabatini kwa miguu unahema kama zamani? Kiuno kimebadilika? Hata hao wanaoitwa “wasioitikia mazoezi” wengi wao ni watu waliopewa kidogo. Mwaka 2017 watafiti wa Uswisi waliwagawa wanaume 78 kwa makundi, kuanzia saa moja ya baiskeli kwa wiki mpaka saa tano. Wa saa moja, wengi hawakuonyesha mabadiliko ya pumzi. Wa saa nne na tano, wote walionyesha. Kisha wale wa kidogo walipoongezewa vipindi viwili kwa wiki kwa wiki sita nyingine, hakubaki hata mmoja asiyeitikia.

Na nikikisia jimu yenu inavyokwenda, nadhani ni kifua Jumatatu, mikono Jumatano, kifua tena Ijumaa. Nimekosea? Miguu imesahauliwa kwa sababu haionekani kwenye picha. Misuli mikubwa kuliko yote mwilini iko makalioni na mapajani. Ukitaka ghala la sukari, huko ndiko kuna vyumba. Anza na kuchuchumaa na kuinuka ukiwa umebeba uzito, kupanda ngazi au jiwe refu kwa mguu mmoja mmoja, na kunyanyua mzigo kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Halafu sukuma na vuta kwa mikono. Seti mbili tatu za kila zoezi, marudio 8 hadi 12, uzito wa kukufanya yale mawili ya mwisho uyafanye kwa kukunja uso. Ukiona umeyamaliza huku unapiga soga, ongeza uzito. Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kuinua kilo 20 zilezile kutoka Januari hadi Desemba na kulaumu damu ya ukoo. Ikiwa unadhani umeshachelewa, mwaka 1990 wazee kumi wa makao ya wazee huko Boston, wenye umri wa miaka 86 hadi 96, walifanyishwa mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa asilimia 174 kwa wastani. Wewe una 41.

Siku tatu za vyuma hazitoshi peke yake, kwa sababu ya ule usikivu unaoyeyuka. Siku zote saba uwe na mwendo. Mwambie boda akushushe chini ya mlima, upande mwenyewe. Na baada ya chakula cha jioni, tembea dakika 15 kabla hujakaa mbele ya televisheni, kwa sababu huo ndio wakati sukari ya ugali inapoingia kwenye damu na mapaja yanaweza kuipokea hapohapo. Watu hudharau matembezi haya kwa sababu hayatoi jasho. Mimi ningelazimishwa kukuachia jambo moja tu, ningekuachia hilo.

Usiupime mwendo huo kwa mizani. Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi hutembea na kuchimba mizizi kutwa, na mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipopima nishati yao ya siku nzima, waliikuta haipishani na ya Wamarekani wa maofisini baada ya kuzingatia ukubwa wa mwili. Mwili unajua kubana matumizi upande mwingine. Kwa hiyo mazoezi peke yake mara nyingi hayapunguzi kilo nyingi, na wanaoyaacha kwa kuwa mizani haijashuka wameacha dawa kwa sababu haikutibu ugonjwa mwingine. Kuna jambo la pili kwa Wahadzabe, ambalo nalipenda zaidi. Nao hupumzika saa nyingi, karibu kumi kwa siku, sawa na sisi. Ila hupumzika kwa kuchuchumaa na kupiga magoti, misuli ya miguu ikiwa inafanya kazi kidogo kidogo. Sisi tumepata kochi.

Na faida kwa mtu mwembamba ipo? Jaribio linalotajwa kila mahali ni la Marekani la mwaka 2002: watu 3,234 waliokuwa karibu na kisukari, na waliobadili mlo na kufanya mwendo wa dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini ilipunguza kwa 31. Ila wale walikuwa wanene mno kuliko wewe. Linalokufaa zaidi ni la India, lililotoka mwaka 2006, watu 531 wenye miili ya kawaida kabisa kwa macho yetu. Waliobadili mlo na mwendo walipungukiwa na hatari kwa asilimia 28 na nusu, na uzito wao haukushuka. Hatari ilipungua, kilo hazikupungua. Mwendo ulikuwa umefanya kazi mahali pasipoonekana. Lile la Marekani nalo lilikuwa na siri yake: wenye nakala mbili za kinasaba TCF7L2 cha hatari, ambacho ndicho chenye nguvu zaidi miongoni mwa vile vya kawaida vya kisukari aina ya pili, waliugua kwa kasi zaidi wakiachwa vilevile. Waliobadili maisha, kasi hiyo ya ziada ilififia karibu yote. Hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Aliyerithi vibaya ndiye ambaye mazoezi yanamhusu zaidi.

Ugali. Usiache ugali, wewe ni mtu wa Mwanza, ukiacha utaurudia kwa hasira. Punguza mlima wake uwe wa ngumi moja na nusu, uwe wa dona ukiupata au wa mtama, na ule mboga na samaki kwanza kabla hujamega. Kuanza na protini na mboga kunapunguza kupanda kwa sukari kwa chakula kilekile. Soda ndiyo uiache, hiyo sina huruma nayo: chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai, inaingia bila kutafunwa, na haijawahi kumshibisha mtu. Michembe na viazi vitamu vya kuchemsha si adui, ni wanga kama wanga mwingine, kwa hiyo vinakalia nafasi ya ugali, havikai juu yake.

Nionavyo, kinachopungua kwenye sahani yako ni protini, na huenda ndiyo sababu nyingine ya kifua kukaa vilevile. Mtu anayeinua vyuma anahitaji kama gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kwako ni 80 hadi 100 kwa siku. Usikimbilie poda za makopo. Umekaa kando ya ziwa! Mayai mawili asubuhi, gramu 12. Bakuli la maharage mchana, 15. Dagaa wakavu gramu 30, kiganja hivi, wanakupa kama 18. Kipande cha sato au sangara cha gramu 150, karibu 35. Glasi ya maziwa, 8. Umeshafika, na hujauza simu. Hata mlo wa mashambani wenyewe una kazi yake: mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha jaribio ambalo vijana waliozoea mlo wa Kilimanjaro wa ndizi, kunde na mboga walihamishiwa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili. Alama za uvimbe-moto katika damu zikapanda. Waliokwenda upande wa pili, kutoka vya kizungu kwenda vya nyumbani, zilishuka.

Kipimo cha vinasaba, weka hela mfukoni. Maeneo ya vinasaba yanayohusishwa na kisukari aina ya pili yamefika zaidi ya 600, karibu kila moja likiwa na mchango wa kiduchu, na mengi yalisomwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Alama utakayopewa imepimwa kwa watu wasio wewe. Vipimo vya “kinasaba cha michezo” ni mchezo zaidi. Wanapenda kuuza ACTN3, eti kinakuambia kama wewe ni wa mbio fupi au ndefu: mwenye protini yake ni wa mbio fupi, anayeikosa ni wa ndefu. Kati ya Wakenya, wanaokosa protini ya kinasaba hicho ni kama mmoja katika mia, wakimbiaji wa marathoni na wasiokimbia sawasawa. Kingewaambia mabingwa wa mbio ndefu wakakimbie mita 100. Wewe umeshapata kipimo cha vinasaba cha bure na bora kuliko hicho: mama na wajomba wawili.

Kuna kinasaba kimoja tu ambacho ningekuomba ukijue, na hakimo kwenye tangazo lao. Ni cha selimundu. Kanda ya Ziwa, karibu mtoto mmoja kati ya watano anazaliwa na nakala moja, na haumwi chochote. Lakini nakala hiyo inaweza kukifanya kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kisome chini kuliko hali ilivyo. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu za damu, nao upo sana kwetu, unafanya vivyo hivyo. Nimewaona watu waliopewa pongezi kwa HbA1c nzuri huku sukari yao ya baada ya kula inapaa. Ukienda maabara, pima sukari ya kabla ya kula na ile ya saa mbili baada ya kunywa glukosi ya gramu 75. Kama watakupa HbA1c peke yake, waulize kuhusu selimundu. Pima na kiuno ukiwa hapo: kwa urefu wako kisizidi sentimita 86, nusu ya kimo.

Rudia vipimo baada ya miezi mitatu ya miguu, dagaa na mlima. Ikisoma 7 au zaidi mara mbili, anza matibabu bila kuona aibu, na usiache mlima.

La mwisho ni la mama. Akikuona unatembea jioni atataka kufuatana nawe, na ni vizuri. Ila kama anatumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi, mwendo unaweza kuishusha sukari yake mno, kwa sababu ya kile kitasa cha pili. Apime kabla ya kutoka, mbebe pipi au sukari mfukoni, na akianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuongea ovyo, mpe hapohapo. Na asitoke na kandambili. Mtafutie viatu vilivyofunikwa, visivyombana, na kila jioni mkirudi umkague nyayo mwenyewe, kwa taa.